Umemwombea Mwenzi Wako kwa Muda Gani?

Wako wanandoa wengi ambao sala yao ya kila jioni ni moja tu: "Bwana, mbadilishe mume wangu," ama "Bwana, mbadilishe mke wangu." Mwaka wa kwanza huomba kwa machozi, mwaka wa tano kwa mazoea. Mwaka wa kumi wengine hunyamaza kabisa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 18, Yesu anatusimulia habari za mjane aliyemwendea hakimu asiyemcha Mungu. Hatuambiwi kwamba alikuwa na pesa za kumhonga wala jamaa wa kumtetea. Alikuwa na miguu ya kurudi tena na tena, mpaka hakimu akachoka. Angalia lakini alimsumbua nani: alimsumbua mwenye uwezo wa kutoa haki. Wengi wetu tunamsumbua mwenzi asubuhi na jioni, na Mungu tunamwambia maneno mawili huku tukisinzia.

Mtakatifu Monika aliijua tofauti hiyo. Alizaliwa katika karne ya 4, hapa hapa Afrika, mji wa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Aliolewa na Patricius, mpagani mwenye hasira kali na asiye mwaminifu katika ndoa. Mwana wao, Augustino, ameandika kwamba mama yake hakujibizana na mumewe alipowaka. Alingoja hasira itulie, ndipo akamweleza. Patricius aliingia katika imani akikaribia mwisho wa maisha yake.

Kwa Augustino mwenyewe safari ilikuwa ndefu zaidi. Monika alimsihi askofu mmoja ajadiliane na kijana huyo aliyepotelea katika mafundisho ya uongo. Askofu akakataa, akamshauri amwache kwanza na azidi kumwombea. Mama hakuridhika, akamlilia mpaka askofu akachoka naye! Augustino alibatizwa na Askofu Ambrosi huko Milano, Pasaka ya mwaka 387. Monika alifariki mwaka huo huo.

Basi jichunguze unavyosali nyumbani. Wako wanaotumia Rozari ya familia kumchapa mwenzao: "Ee Bwana, mwondolee baba wa watoto hawa pepo la chang'aa," naye baba amepiga magoti hapo hapo, watoto wanasikia. Hayo ni matusi yaliyovikwa kanzu. Mambo mazito ya mwenzi wako mpelekee Bwana faraghani. Mnaposali pamoja, mshukuru Mungu kwa jambo moja jema ambalo mwenzako ametenda siku hiyo. Siku za kwanza ni vigumu, hasa kwa waume, maana wengi hawakuzoezwa.

Neno jingine, tena zito. Kudumu katika sala si kudumu chini ya kipigo. Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikiri kwamba kutengana wakati mwingine hulazimu, ili kumlinda mwenzi aliye dhaifu au watoto dhidi ya ukatili. Kama unapigwa, ondoka penye hatari, mwone paroko, toa taarifa kwa polisi. Sala utaendelea nayo huko uliko salama.

Sikukuu ya Mtakatifu Monika ni tarehe 27 Agosti, na ya mwanawe siku inayofuata. Anayetaka kufanya novena kabla yake huanza tarehe 18. Lakini aliye na mzigo leo asingoje Agosti: Baba Yetu moja jioni hii, kabla ya kuzima taa, yatosha kwa kuanzia.