Maneno Yako Yanalala Wapi?

Kuna swali ambalo sisi vijana tunaoandika hulikwepa kwa sababu linanuka ufundi: maneno yako yanalala wapi? Si kwenye simu yako. Ukiandika kisa ukiwa Balambala, kando ya mto Tana, ukakituma kwenye mtandao wa kijamii, kisa hicho kitalala kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, katika nchi ambayo pengine hutawahi kupewa viza yake. Siku mwenye kompyuta akiona hapati faida tena, kisa kinaondoka. Hana haja ya kupiga hodi.

Hivi si vitisho. GeoCities ilikuwa kama mtaa mkubwa wa kurasa za watu wa kawaida, mamilioni yao. Yahoo iliufunga mwaka 2009. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kwamba nyimbo zilizowekwa kwake kabla ya 2016 zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Mwaka huohuo Google ilizima Google+. Hakuna aliyeibiwa, ukifuata sheria. Watu walikuwa wageni, na mwenye nyumba alizima taa.

Ndiyo maana tunaambiana: fungua blogu yako mwenyewe, wacha kukaa kwa watu. Na si kazi ngumu. Unanunua jina la tovuti, la.co.ke ni kama shilingi elfu moja kwa mwaka. Unakodi nafasi kwa kampuni yenye seva. Unaingia kwenye akaunti yako huko, unabonyeza palipoandikwa WordPress, unaweka nywila, unangoja. Programu inajitengenezea hifadhidata ya kuweka maandishi yako na folda ya kuweka picha. Unalielekeza jina kwenye seva, na hapo subira inahitajika, manake linaweza kuchukua hata siku mbili kabla halijajulikana kila mahali. Halafu ukurasa unafunguka, na juu yake kuna jina ulilochagua wewe. Kwa mtu kama mimi, anayelipwa kwa makala na kuhaririwa na watu asiowahi kuwaona, raha ya ukurasa ule ni kubwa.

Lakini hebu tuulize: "yako" hapo ina maana gani?

Tuhesabu. Jina umekodi; usipolipa, kesho kuna mtu analichukua. Nafasi kwenye seva umekodi pia, na ile ya bei nafuu ni kama chumba cha ploti: bomba moja, choo kimoja, na jirani akiletewa wageni wengi, maji kwako yanapungua. Programu yenyewe hujaiandika wewe. Na juu ya wote kuna serikali. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni, na gharama zake zikijumlishwa zilipita shilingi milioni mbili za huko. JamiiForums, iliyokuwa na nyumba yake yenyewe, ilijizima kwa muda mwezi Juni mwaka huo. Kwa hivyo mwenye blogu yake ni mpangaji mara tatu, na chifu bado anamjua anakoishi. Mtu ana haki ya kuuliza: kwani nimehama nini hapa? Nimetoka kwa landilodi mmoja nikaingia kwa watatu.

Pingamizi hilo lina nguvu, lakini ni pingamizi la mtu wa mjini, anayeamini kwamba kumiliki ni kuwa na hati ya shamba. Kaskazini Mashariki wazo hilo halikuwahi kushika vizuri. Sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa ilikuwa ya udhamini kwa miaka mingi, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ndiyo iliyofungua njia ya jamii kuisajili kwa jina lake. Mfugaji wa Kisomali hajawahi kuimiliki nyika anayolisha. Alichomiliki ni mifugo, na nyumba inayohama.

Mtazame mama anayejenga aqal. Anakunja fito, anazifunga, anazifunika kwa mikeka aliyoisuka mwenyewe. Mvua ikinyesha kwingine, anaifungua nyumba nzima, anaipakia juu ya ngamia, wanaondoka. Nyumba ni yake, hakuna anayebisha. Kiwanja hakijawahi kuwa chake. Ukimwambia kwamba hana nyumba kwa sababu hana hati, atakuangalia kwa huruma.

Hapo ndipo tofauti kati ya blogu yako na ukurasa wako wa mtandao wa kijamii inaonekana. Blogu ya kujiwekea ni vitu viwili: folda ya mafaili, na hifadhidata yenye maneno. Vyote viwili unaweza kuvishusha, ukavibeba kwenye flash, ukavipandisha kwenye seva ya kampuni nyingine, ukaelekeza jina huko. Msomaji akifungua anwani ileile anakukuta, wala hajui kwamba usiku ulihama. Mtandao wa kijamii unaweza kukupa furushi la machapisho yako ukiomba, lakini furushi hilo halisimami pahali pengine: wasomaji hawamo, anwani haimo. Ni mikeka bila fito. Kwa hivyo umiliki unaotufaa si wa kutohamishwa. Ni wa kuweza kuhama ukabaki wewe.

Ningeweza kuishia hapo na nyote mngeenda kununua majina. Lakini kuna swali la pili, na ndilo linaloninyima usingizi. Tumezungumza kana kwamba maneno ni mali ya mwandishi. Je, ni kweli?

Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi, mjini Garissa, ulichomwa na vikosi vya serikali baada ya maafisa kuuawa. Watu waliuawa, wengine wakakusanywa kwenye uwanja wa shule. Kwa miaka mingi tukio hilo liliishi midomoni tu, kwa jina la Garissa Gubay, yaani kuungua kwa Garissa. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika kwenye ripoti yake. Ukitaka kuisoma leo bila bughudha, utaipata kwenye hifadhi ya kidijitali ya kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Seattle, Marekani, ambako mmoja wa makamishna alikuwa mwalimu. Ushahidi wa wazee wa Garissa unalala Seattle. Inauma kidogo. Lakini unalala salama, manake kuna mtu aliona ni wajibu wake kuutunza.

Halafu kuna tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliouawa. Wiki zile Wakenya waliandika majina na picha za wanafunzi wale mtandaoni ili wasigeuke namba. Sehemu kubwa ya ukumbusho huo iko kwenye kompyuta za kampuni ambazo hazina deni lolote kwa Garissa.

Sasa fikiria kijana wa Balambala ameweka blogu yake. Ayeeyo mmoja, yaani bibi, anakaa naye jioni, anamsimulia alivyovuka mwaka 1980. Kijana anaandika, anachapisha. Miaka miwili baadaye kibarua kimeisha, malipo ya seva yamepita, tovuti imezimika. Kisheria hakuna tatizo: blogu ilikuwa yake, ameiacha ife. Lakini ayeeyo hakumpa zawadi. Alimpa amana, na kila mtu aliyelelewa huku anajua tofauti. Zawadi unaweza kuichoma. Amana unaulizwa.

Hili ndilo linalobadilisha hesabu yote. Nikikaa kwa landilodi wa mtandao, naweza kumsukumia yeye lawama. Nikijenga changu, lawama yote imerudi nyumbani. Uhuru wa kujiwekea blogu ni uhuru wa kuwa na wa kukulaumu, na ni wewe. Wengi wanaogopa ufundi; mimi nadhani cha kuogopa ni hiki.

Namna ya kubeba mzigo huo tumefundishwa na programu yenyewe. Kabla ya WordPress kulikuwa na programu iitwayo b2, ya kijana Mfaransa, Michel Valdrighi. Mwanzoni mwa 2003 alikuwa kimya, kazi imesimama. Matt Mullenweg, Mmarekani wa miaka 19, na Mike Little wa Uingereza wakaichukua wakaiendeleza, na Mei mwaka huo WordPress ikatoka. Hawakumwibia mtu. Leseni yake iliruhusu yeyote kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, mradi naye awaachie wengine ruhusa hiyohiyo. (Mullenweg aliacha chuo mwaka 2004. Natumaini mamangu anasoma.) Valdrighi angeifungia ile kazi kwa jina la umiliki, ingekufa naye akiwa kimya. Iliishi kwa sababu aliacha mlango ambao mwingine angeweza kuingilia.

Basi weka blogu yako. Kisha fanya yale ambayo mwenye mali hafanyi lakini mtunza amana hufanya. Kila mwezi shusha nakala, uiweke pahali pawili. Mpe mtu mmoja unayemwamini nywila, kwa sababu barabara na maradhi havisubiri. Omba Internet Archive ihifadhi kurasa zako, ni bure. Na kisa cha ayeeyo kichape kwenye karatasi, umpelekee nakala nyumbani kwake, hata kama hasomi. Wajukuu wanasoma.

Ukiulizwa blogu ni ya nani, jibu kwamba nyumba ni yako na unaweza kuihamisha kesho ukitaka. Waliokupa maneno bado wanakudai.