Dawa ya Kwenye Kenchi

Wajukuu zangu,

Juzi niliingia chumbani kwa mama yenu mdogo kumjulia hali. Umeme ulikatika, nikapapasa kwenye kenchi kutafuta kiberiti, nikashika mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na vidonge vinane vya dawa mseto ya malaria, chupa ya dawa ya maji ya mtoto iliyobaki nusu, na aspirini kadhaa zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti. Nilipolifungua lile gazeti, harufu ya siki ilinipiga puani.

Aspirini ikinyonya unyevu huvunjika, ikawa asidi mbili, na mojawapo ndiyo ile iliyomo kwenye siki. Ukiisikia harufu hiyo, usitafute tarehe. Dawa imeshakuambia yenyewe kwamba imeharibika. Ukiimeza, maumivu yatapungua kidogo au yasipungue kabisa, na tumbo litaungua.

Nilitunza stoo ya dawa kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu ya kazi, na sijaona mahali panapoitesa dawa kama huku kwetu. Ziwa letu haliko hata mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Milima ya Livingstone imesimama nyuma ya Matema kama ukuta. Mawingu yakigonga pale, maji yote yanatushukia sisi. Mwezi wa nne chumvi inayeyuka ndani ya kibakuli, na shuka unalianua jioni likiwa bado na ubaridi. Mvua ikikatika, jua linawaka juu ya bati, na pale kwenye kenchi panakuwa kama ndani ya oveni. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzijoto 30. Wakemia husema joto likipanda nyuzi 10, uharibifu huenda kwa kasi takribani maradufu. Sasa pigeni hesabu ya miezi mitatu kwenye kenchi.

Kinachonisikitisha ni kwamba elimu hii mnayo tayari. Nani kati yenu asiyejua kutunza kakao? Mnaivundika siku 5 au 6, mnaianika, mnaigeuza, mnaikimbiza ndani wingu likijitokeza upande wa ziwani, mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 7 hivi. Kisha mnaipanga juu ya chaga, mbali na sakafu na ukuta, kwa kuwa mnajua ikiota ukungu mnunuzi ataikataa. Mpunga nao mnautunza hivyohivyo. Lakini dawa, ambayo mtoto ataimeza akiwa hoi, mnaiacha iloane.

Kijana mmoja pale Ipinda alinibishia kwamba dawa haziharibiki, na kwamba tarehe huwekwa na wenye viwanda ili tununue tena. Sikumdharau, maana ana chembe ya ukweli. Tangu 1986 Wamarekani hupima akiba ya dawa za jeshi lao zilizopita tarehe, na wamekuta nyingi bado zina nguvu, nyingine baada ya miaka kadhaa. Lakini dawa hizo zilikuwa hazijafunguliwa, ziko ndani ya paketi za kiwandani, kwenye maghala yanayochunguzwa joto na unyevu. Tarehe ni ahadi yenye masharti. Ukishakipasua kidonge kutoka kwenye karatasi yake ukakifunga na gazeti, umevunja masharti wewe, na ahadi hiyo haipo tena hata kama tarehe imebaki miaka miwili.

Dawa chache hugeuka kuwa sumu. Mwaka 1963 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu walioumia figo baada ya kumeza tetrasaiklini iliyochakaa. Hilo ni la kuogopwa, ila silo linaloninyima usingizi. Nyingi hazigeuki sumu, zinapungua nguvu tu, na hapo ndipo zinapoua kimyakimya, kwa sababu mgonjwa anaamini ametibiwa.

Nirudi kwenye vile vidonge vinane. Dozi ya dawa mseto kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne, mara 6 kwa siku 3. Vikibaki vinane, maana yake siku ya tatu nzima haikunywewa. Homa ilishuka, mgonjwa akajiona mzima, akaweka akiba. Kwa hiyo wamekosewa watu wawili: aliyeacha dozi njiani, na atakayepewa vinane vilivyopigwa joto akiugua usiku. Mimi nilifanya kosa hilo kwa mwanangu mwenyewe, mvua ikiwa imefunga barabara. Nilimpa mabaki ya dada yake nikasema tutaongezea kesho. Homa ilishuka, na siku ya nne ilirudi na degedege. Tulimbeba kwa baiskeli, maji yakitufika magotini. Alipona, namshukuru Mungu, lakini mpaka leo nikisikia mvua ya usiku namkumbuka alivyokakamaa mikononi mwangu. Wadudu wa malaria wanaoanza kuizoea artemisinini wamethibitishwa Kagera, humu humu nchini. Dozi pungufu na dawa dhaifu ndizo zinazowapa nafasi ya kuzoea.

Ile chupa ya mtoto ilikuwa amoksilini. Ikiwa unga inakaa, lakini ukishaichanganya na maji nyingi hudumu siku 7, zingine hadi 14 zikiwa kwenye friji. Msimwekee mdogo wake. Maji ya chumvichumvi ya kuharisha yakipita saa 24, mwageni mchanganye mengine.

Wenye kisukari, insulini ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda barafu haifai tena. Asiye na friji atumie chungu. Wakisi wa Ikombe wanatufinyangia vyungu vinavyopitisha maji taratibu, na maji yakikauka juu ya udongo hupoza kilichomo ndani. Weka insulini ndani ya chombo kikavu kisichoingiza maji, ukiweke ndani ya chungu kilicholowana, kivulini penye upepo. Mwezi wa tisa kinapoza vizuri. Masika, hewa ikiwa imejaa maji, hakipozi sana, kwa hiyo ongea na zahanati wakutunzie akiba.

Na kuna jambo la kusemwa kwa upole. Wapo wanaotumia ARV wanaohamishia vidonge kwenye mfuko ili chupa isilie njiani, wakatupa na kile kifuko kidogo cha chembechembe. Kifuko kile ndicho kinachonyonya unyevu. Mwanangu, kiache ndani ya chupa, na chupa iviringishe kitambaa. Hakuna atakayesikia, na dawa itabaki na nguvu yake.

Dawa ya nyumbani ikae kwenye karatasi yake na boksi lake, ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, kabatini, mbali na jiko na dirisha, juu mtoto asipofika. Mkienda duka la dawa mkakuta maboksi yamepangwa juani mlangoni, nunueni kwingine. Zilizoharibika msizitupe chooni wala Mto Kiwira, kuna watu wanachota chini huko. Zipelekeni zahanati, wanajua pa kuziteketezea.

Ule mfuko wa mama yenu mdogo nimeupeleka leo asubuhi. Nanyi, kabla mvua za Novemba hazijaanza, pandeni mkaangalie kenchi zenu.