Mtoro wa Dawa

Katika kliniki za Tanzania, mgonjwa wa VVU aliyeacha kuhudhuria huitwa mtoro. Neno hilo, ambalo pwani liliwahi kumtaja mtumwa aliyemkimbia bwana wake, hutoa hukumu kabla ya kuuliza. Mgonjwa amemkimbia nani? Mpango wa taifa wa dawa za bure ulianza 2004, nauli haikuwamo. Mwanamke anayeipita zahanati ya mtaani kwake na kupanda basi hadi mji wa pili, asije akaonwa na wifi yake kwenye foleni, huinunua siri yake kila aendapo. Nauli ikikosekana, ailinde afya au ndoa? Wengine wanatibiwa kwingine kwa jina jingine. Wengine wamekwisha kuzikwa. Daftarini wote ni watoro, mpaka atumwe mtu kuwatafuta.