Mwili Utoao Ushahidi

Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli, vijana wanne wa Yuda waliochukuliwa mateka Babeli walipokikataa chakula cha mfalme, Danieli hakubishana na mkuu wa matowashi aliyechelea kukatwa kichwa, bali alimwomba msimamizi aliyewekwa juu yao awajaribu kwa siku 10 kwa mboga na maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za wenzao. Na muda ulipotimia wao ndio walioonekana wazuri na wanono zaidi. Wakristo wa mji wetu wa Kolwezi, huku Kongo, ambao ndio wengi mjini, huisikia habari hiyo bila ya kustaajabu, kwani katika mitaa ya Dilala na Manika unono bado ni neema iliyo dhahiri, na mtu akipungua ghafula majirani huulizana kwa sauti ya chini ni maradhi gani yaliyomwingia.

Zama, hata hivyo, zimegeuka, na dawa inayosifiwa leo ulimwenguni ni ile ya kuuondoa unono. Semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki, ilifanyiwa jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2021, ambamo watu 1,961 walijitolea kwa wiki 68. Waliopewa dawa walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao, na waliodungwa sindano tupu asilimia 2 na kitu. Vituo vilikuwa 129 katika nchi 16 za Asia, Ulaya na Amerika, Afrika haikuwamo. Na dawa nyingine zilizo kali kuliko hiyo zinafuata nyuma yake, kila moja ikihitaji miili ya kujaribiwa.

Je, mtu awezaye kutembea na kufanya kazi yake ana haki ya kuutoa mwili wake kwa dawa ambayo tabibu mwenyewe hajaujua mwisho wake, ilhali mwili huo ni amana ya Mwenyezi Mungu? Wengi hujibu upesi kwamba amana haichezewi, na jibu hilo lina ucha Mungu ndani yake, lakini lasahau kwamba katika mfano wa talanta aliyelaumiwa ni yule mtumwa aliyeifukia yake ardhini ili isipate dhara. Mimi naona kwamba aingiaye katika jaribio si mgonjwa aliyekwenda kutibiwa, ingawa huenda akapona. Yeye ni shahidi, na mwili wake ndio kauli yake, hata akiwa miongoni mwa waliopewa sindano tupu, ambao pasipo wao kauli za wenzao zisingekuwa na maana yoyote. Shahidi basi ana masharti yake tangu kale: asilazimishwe, asinunuliwe, na akitaka kuondoka asizuiwe.

Nchi yetu imewahi kutoa ushahidi wa namna zote mbili, usio wa hiari na ulio wa hiari. Mwaka 1958, katika bonde la Ruzizi, watu zaidi ya 200,000 walipewa chanjo ya polio ya mtafiti Koprowski iliyokuwa ingali katika majaribio, chini ya utawala wa Kibelgiji ambao haukuwa na desturi ya kumwuliza Mwafrika mmoja mmoja ridhaa yake. Miaka 60 baadaye, kuanzia Novemba 2018, wagonjwa 681 wa Ebola huko Beni na jirani zake waliingia katika jaribio la dawa nne lililoongozwa na Profesa Muyembe, mtaalamu wa virusi, na mnamo Agosti 2019 likasimamishwa mapema kwa kuwa dawa mbili zilikuwa zimeonyesha ubora wake. Mojawapo asili yake ni damu ya mtu aliyenusurika Ebola huko Kikwit mwaka 1995.

Lakini wa Beni alikuwa na mauti mlangoni, na hapana aliyeweza kumwambia kuwa anajihatarisha bure. Tuseme sasa ni mama wa Manika auzaye unga wa bukari, mwenye sukari katika damu na magoti yanayomwuma, akaambiwa kwamba akijiandikisha atapimwa damu kila mwezi bila ya malipo: katika mji ambao kupimwa huko kwagharimu faida ya siku kadhaa, kipimo cha bure si takrima tena, ni bei, na shahidi amekwisha kununuliwa pasipo mtu yeyote kutia nia mbaya. Sisemi asikubali. Nasema kwamba vipimo hivyo vingepaswa kuwa haki yake hata akikataa, ndipo kukubali kwake kuwe hiari.

Na liko jambo la pili, zito kuliko hilo. Waliolifuatilia jaribio lile la semaglutidi waliona kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha sindano watu walirejewa na thuluthi mbili za uzito walioupoteza. Azimio la Helsinki kuhusu maadili ya utafiti wa tiba, lililoanza mwaka 1964, lataka hatima ya walionufaika na dawa ipangwe kabla ya jaribio kuanza. Kwa hiyo mama yule, kabla ya kutia sahihi, na aulize wiki ya 69 dawa itatoka kwa nani, na nani atakayeiweka penye baridi wakati umeme unakatika, licha ya mabwawa ya umeme ya Nseke na Nzilo kuwa jirani; na akijibiwa kwamba hayo hayakutiwa katika hesabu, asikubali hata kupimwa uzito.