Mwosha na Mkusanyaji

Wahenga walisema: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Methali hii ina pande mbili, na aghalabu hutajwa upande mmoja tu. Upande wa kwanza ni wa ujuzi: yuko mtu aliyeruhusiwa kuyaona yale ambayo jamaa na majirani hawakuyaona. Upande wa pili ni wa wajibu: ameruhusiwa kuyaona kwa sababu anaaminiwa kuyasitiri. Mwosha asiyejua kunyamaza haitwi mara ya pili.

Methali hii yafaa ikumbukwe mahali ambapo pengine haikutarajiwa kutajwa, nako ni mbele ya rafu ya mkusanyaji wa muziki wa jazi wa Marekani. Hapo yamepangwa masanduku mazito, kila moja na CD zake tatu, saba au zaidi, na juu ya mengi yake limeandikwa neno moja lenye kutamanisha: kamili. Ndani yake mna kila kilichorekodiwa katika siku fulani, na mwanamuziki fulani, kwa kampuni fulani. Mna nyimbo zilizotolewa wakati wake, na mna pia zile alizozikataa mwenyewe: mwanzo uliokatika, kosa la pumzi, jaribio lililoshindwa. Wengi wa waliozipiga wamekwisha kufariki. Basi swali ni hili: je, msikilizaji ana haki gani ya kukisikia kile ambacho msanii hakutaka kisikiwe?

Kabla ya kulijibu, inafaa kujua masanduku haya yametoka wapi. Santuri za kale, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, hazikubeba zaidi ya dakika tatu hivi kila upande. Watu wa mwambao wanazijua vyema, kwani ndizo alizorekodi Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928, na ndizo alizorekodi Charlie Parker huko Marekani katika miaka ya 1940. Mwaka 1948 ikaingia sokoni santuri ndefu, iliyobeba dakika 20 na zaidi kila upande. Mwaka 1982 ikaanza kuuzwa CD, yenye nafasi ya dakika 74. Kila nafasi ilipoongezeka, wenye kampuni walirudi ghalani kutafuta cha kuijaza.

Walichokikuta ghalani kilikuwa na thamani maalumu, kwa sababu ya tabia ya jazi yenyewe. Mpigaji wa jazi hutunga papo kwa papo. Wimbo mmoja ukipigwa mara tano studioni, mara hizo tano si nakala za kitu kimoja, bali ni tungo tano, kama vile malenga aliyepewa kina kimoja akakitungia beti tano usiku mmoja. Kuzitupa nne ni kuutupa utungo. Hiyo ndiyo hoja waliyoishika Michael Cuscuna, aliyefariki mwaka 2024, na mwenzake Charlie Lourie, walipoanzisha kampuni ya Mosaic mwanzoni mwa miaka ya 1980. Masanduku yao yalitengenezwa kwa idadi maalumu, kila moja likiwa na nambari yake na kijitabu kikubwa cha maelezo na picha. Kazi yao iliziokoa rekodi nyingi ambazo zingebaki gizani.

Wanaoitetea hoja hii wanao ushahidi wenye nguvu. Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, mpigapiano Bill Evans alipiga katika klabu ya Village Vanguard, New York, pamoja na Paul Motian kwenye ngoma na kijana Scott LaFaro kwenye besi. Walipanda jukwaani mara tano, mchana na usiku. Siku kumi na moja baadaye, LaFaro akafariki katika ajali ya gari, naye ana miaka 25. Wakati huo zilitolewa santuri mbili, zilizochaguliwa kutoka katika siku ile. Mwaka 2005 likatolewa sanduku la CD tatu lenye siku nzima, kwa mpango ule ule uliopigwa. Wimbo wa kwanza umekatika katikati kwa sababu umeme ulikwenda, na katika santuri za zamani haukuwamo. Katika sanduku umo, pamoja na mgongano wa bilauri na mazungumzo ya wateja ambao hawakujua kuwa wako mbele ya jambo litakalokumbukwa.

Ni nani aliyedhulumiwa kwa kuachiliwa wimbo ule? Hapana. Kukatika kwa umeme si aibu ya mtu. Anayejua kilichotokea baada ya siku kumi na moja huisikia kila noti ya besi ile kama mtu apewaye dakika chache zaidi na msafiri aliyekwisha kuaga. Hapa neno kamili ni rehema.

Uko ushahidi mwingine wa namna hiyo, nao una mafunzo ya aina yake. Mpigasaksofoni Dean Benedetti alimpenda Parker kiasi cha kumfuata klabuni na mtambo wa kurekodia, katika miaka ya 1947 na 1948. Aghalabu aliuwasha mtambo pale Parker alipoanza kupiga peke yake, na kuuzima alipomaliza. Wenzake jukwaani wanakatwa katikati ya sauti. Benedetti alifariki mwaka 1957, na rekodi zake zikatoweka hata zikawa kama hadithi, mpaka Mosaic ilipozitoa mwaka 1990 katika CD saba. Wapenzi wa ushairi hawatashindwa kuona mfano wake karibu na nyumbani. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakuchapisha kitabu. Beti zake ziliishi vinywani mwa watu, zikakusanywa baada yake na Mwalimu Sikujua kwa ajili ya W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa mwaka 1940. Lau wakusanyaji wangesubiri idhini ya marehemu, Muyaka angekuwa jina tupu.

Kama mambo yangeishia hapo, swali lingekuwa rahisi. Lakini iko siku nyingine.

Tarehe 29 Julai 1946, Parker aliingia studioni Hollywood kuirekodia kampuni ya Dial, iliyomilikiwa na Ross Russell. Alikuwa mgonjwa. Alikuwa mtumwa wa dawa za kulevya, dawa zilikuwa zimeadimika, na pombe ilikuwa imeshika nafasi yake. Zilirekodiwa nyimbo nne. Katika ule uitwao "Lover Man", piano inafungua njia na saksofoni haisikiki. Parker anachelewa kuingia, kisha anaingia kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Usiku ule ule chumba chake cha hoteli kilishika moto, akakamatwa, na mwisho wake akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Camarillo, alikokaa takriban miezi sita. Naye Russell akaitoa rekodi ile ikauzwa. Parker alichukizwa nayo maisha yake yote, na hakuficha kuchukizwa kwake. Mwaka 1951 aliurekodi tena wimbo huo huo kwa kampuni nyingine, akiwa na nguvu zake. Alifariki tarehe 12 Machi 1955, akiwa na miaka 34.

Leo rekodi ya mwaka 1946 imo katika kila sanduku lidaiwalo kuwa kamili. Wako wasikilizaji wanaoipenda kuliko nyingine zote, wakisema kwamba ndani yake mna ukweli uliovuliwa mapambo. Hoja hiyo isibezwe. Sanaa imewahi kuzaliwa na maumivu, na yako machozi yaliyo fasaha kuliko hotuba. Lakini ndani yake umejificha mtego. Msikilizaji anayesema kwamba mtu yule alikuwa mkweli zaidi alipokuwa hawezi kusimama, amesema vilevile kwamba siku zote alizosimama wima alikuwa akijipamba. Maana yake ni kumnyima msanii umiliki wa kazi yake, na kumkabidhi ugonjwa. Tena raha anayoipata huenda isiwe raha ya muziki hata kidogo, bali ya kuchungulia.

Basi yako mambo mawili ambayo sanduku huyachanganya chini ya neno moja. Liko jaribio, na uko msiba. Jaribio ni la fundi aliye kazini: anakosea, anarudia, anachagua. Kulisikia ni kama kuyaona makato katika mswada wa mshairi. Huenda mwenyewe asipendezwe, lakini heshima yake haipungui, pengine huzidi, kwani wepesi wa ubeti huonekana umelipiwa. Msiba ni jambo jingine. Hapo fundi hayupo. Upo mwili wake tu, umeshika chombo chake. Anayemsikiliza katika hali hiyo yumo katika chumba cha mwosha, apende asipende.

Mtu aweza kupinga kwa kusema kwamba dawa ni nyepesi: neno la msanii liwe la mwisho, na alichokikataa kichomwe. Hilo nalo lina udhaifu wake. Msanii si hakimu asiyekosea wa kazi yake, na si kila wakati santuri aliyoipitisha ilitoka kama alivyoipiga. "Kind of Blue" ya Miles Davis ni mfano mashuhuri. Nyimbo tatu za upande wa kwanza zilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959 kwa mtambo uliokuwa ukienda polepole kidogo kuliko ipasavyo. Kanda ilipochezwa kwa mwendo wa kawaida, muziki ukatoka juu kidogo kuliko sauti halisi ya vyombo. Kwa zaidi ya miaka 30 dunia iliusikiliza muziki ambao haukupigwa hivyo, mpaka toleo la mwaka 1992 liliposahihisha kwa kutumia kanda ya akiba ya mtambo mwingine. Aliyeingia ghalani safari hii hakumfunua mtu. Alimrudishia Davis sauti yake. Kuufunga mlango wa ghala kwa jina la heshima kungekuwa dhuluma.

Kwa hiyo si kuchoma kila kitu, wala si kuuza kila kitu. Neno lifaalo zaidi ni amana. Mkusanyaji hudhani amenunua milki, na soko humsaidia kudhani hivyo: idadi ni maalumu, sanduku likiisha halirudi, bei hupanda, na wako wanaoyahifadhi katika nailoni yake bila kuyafungua wala kuyasikiliza. Huo ni ubahili uliovaa kanzu ya mapenzi. Liko na soko la upande wa pili, la rahisi mno. Katika nchi za Ulaya haki ya kurekodi ilidumu miaka 50, na iliporefushwa hadi 70 mwaka 2013, rekodi zilizokuwa zimekwisha kuwa huru hazikurudishwa. Ndiyo maana masanduku mengi ya jazi ya kabla ya mwaka 1963 yaliuzwa huko kwa bei ya chai, bila wauzaji kulazimika kuwalipa chochote kwa rekodi hizo waliozipiga wala warithi wao. Sheria imewaruhusu. Lakini mwenye kusema kwamba ampenda marehemu, hana budi kujiuliza kama ruhusa ya sheria yamtosha.

Mwenye amana huulizwa mambo mawili: umeitunza vipi, na umeitumia vipi. Kuitunza ni pamoja na kuitunza habari yake. Siku hizi muziki huja kwa intaneti, wimbo mmoja mmoja, na kijitabu cha maelezo hakiji pamoja nao. "Lover Man" ya mwaka 1946 humfikia kijana bila tarehe, bila jina la ugonjwa, ikiwa imetanguliwa na kufuatwa na nyimbo nyingine za Parker, naye akadhani kwamba ndivyo mtu huyo alivyopiga. Huko ndiko kufunuliwa hasa. Siri ya siku ile ilikwisha kutoka tangu Russell alipoiuza, na hakuna awezaye kuirudisha. Kilichobaki mikononi mwa watu ni namna ya kuipokea, na kwa maiti aliyekwisha kuanikwa, kueleza yaliyomfika ni shuka ya kumfunikia.

Na kuitumia kwake ni adabu ya masikio. Mkusanyaji anapomkaribisha kijana asiyemjua Parker, hana sababu ya kuanzia na siku yake mbaya kuliko zote. Na ikifika zamu yake, basi aiweke ile ya mwaka 1946, amwambie mgeni wake ilikuwa siku gani, asimsemeshe mpaka imalizike. Kisha aiweke ile ya mwaka 1951. Parker aliurudia wimbo ule kwa sababu alikuwa na la kusema juu yake, na asiyemsubiri mpaka amalize hajamsikiliza.