Ukweli wa Nuru katika Picha ya Jengo Lisilojengwa
Picha ya kompyuta inayoonyesha jengo la ufukweni kabla halijajengwa huibua swali ambalo Plato alilijadili katika Sophist, alipotofautisha sanaa ya kufananisha, yaani ile inayohifadhi vipimo halisi vya kitu, na sanaa inayovipotosha ili kitu kipendeze machoni pa mtazamaji. Ugumu wa majengo ya ufukweni ni kwamba vipimo vyaweza kuwa sahihi kabisa, na bado picha ikadanganya kwa nuru. Kwa mfano, Jumba la Opera la Oslo, lililofunguliwa mwaka 2008, lina paa la marumaru nyeupe ya Carrara linaloteremka hadi majini. Katika jua kali la kiangazi, mchoraji akipunguza mwanga unaoingia katika kamera yake ya kubuni ili marumaru isigeuke weupe mtupu, vyumba vya ndani huzama gizani, na akiuongeza, maungio ya mawe hupotea. Ndiyo maana wengi hukimbilia machweo, wakati anga na taa za ndani hukaribiana kwa ukali wa nuru, na maji, ambayo hurudisha takriban asilimia 2 tu ya nuru inayoyaangukia wima lakini karibu yote inayoyagusa kwa mlazo, huwa kioo. Saa hiyo ni ya kweli, ingawa ni fupi, na katika pwani ya Afrika Mashariki ni fupi zaidi, kwa kuwa huko jua huzama karibu wima. Kosa haliko katika kuichagua, bali katika kuinyamazia. Picha inayowekwa mbele ya wananchi ili waidhinishe ujenzi inapaswa kutaja saa na mwezi wake, na kuambatana na nyingine ya adhuhuri.