Shoo ya Nondo

Mafundi wetu huuita shoo: ule wavu wa mbele ya rejeta, katikati ya taa. Kazi yake ni kupitisha hewa na kuzuia mawe, lakini gari lisilo na shoo ni kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele. Anakula, anaongea, ila hacheki.

Land Rover pikapu ya marehemu baba, Series III ya inchi 109, ilitoka kiwandani na shoo ya plastiki. Hilo huwashangaza wengi. Land Rover za mwanzo, tangu 1948, zilikuwa na wavu wa chuma kilichopakwa zinki, mgumu kiasi kwamba husimuliwa watu waliuchomoa wakauchomea nyama porini. (Usijaribu. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mbaya.) Series III ilipokuja mwaka 1971, plastiki ikachukua nafasi. Plastiki na jua letu havipatani: hukauka, hupasuka, kisha jiwe moja humaliza kazi. Ya baba ilivunjika kabla sijazaliwa. Fundi wa kuchomelea akamtengenezea nyingine kwa nondo nyembamba, mistari minane, wa tatu umepinda kidogo. Ndiyo pekee ninayoijua.

Sasa tunalikarabati gari, na kaka anataka “orijino”.

Kwanza alitaka ya chuma ya Series IIA za mwisho, yenye umbo la msalaba, ambayo wakarabati wengi huifunga kwenye Series III kwa sababu inapendeza. Inapendeza kweli. Ila inalizeesha gari kwa uongo. Anayelitazama anasoma historia ya gari jingine. Tena shoo kuukuu haiokotwi, hung'olewa. Tuliyooneshwa ilikuwa bado kwenye gari linalobeba mahindi, na mwenyewe aliiuza kwa sababu ya ada ya shule. Nikasema sioni kwa nini gari linalofanya kazi livuliwe uso ili letu likapigwe picha. Kaka akajibu kwamba huruma yangu haimlipii mzee yule ada. Hoja hiyo ina uzito, na mpaka leo sijaipatia jibu linaloniridhisha.

Akahamia kwenye plastiki mpya ya kuiga. Hapo sikubaliani naye kabisa. Kitu kilichotengenezwa juzi kinakuwaje cha asili kuliko nondo zilizokaa pale miaka yote ya baba? Kiwanda kilikaa na gari lile siku chache tu. Plutarch alisimulia meli ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja moja hadi watu wakabishana kama bado ni ileile. Sisi hatubishani kuhusu mbao. Tunabishana ni siku gani ya meli tunataka kuirudia: siku iliposhushwa majini, au siku ya mwisho nahodha alipoishika. Kaka anaitaka ile ya kwanza, ambayo hakuna kati yetu aliyeiona.

Amekubali nondo, shingo upande. Wiki iliyopita fundi bodi alimaliza kukwangua kutu na kupiga msasa, akauliza kama anyooshe mstari wa tatu. Kaka alisema ndiyo, mimi nikasema hapana, kwa pamoja. Praima bado haijapigwa.